Jigi za kujitengenezea: uanze na ipi, na kwa nini

Swali: Nina karakana ndogo yenye msumeno wa meza, msumeno wa duara wa mkononi, drili, ruta (mashine ya kuchonga mifereji na kingo) na zana za kawaida za mkono. Natengeneza stuli na kabati ndogo. Napima kwa makini kila mara, lakini miguu ya stuli haitoshani na pembe za kabati hazikai sawa. Nasikia mafundi hujitengenezea jigi, yaani vifaa vya kushikilia mbao au kuongoza zana. Wewe unazipenda zipi, na nianze na ipi?

Jibu: Ndugu yangu, neno lililonishika katika swali lako ni «napima». Nadhani kupima ndiko kunakokuponza. Miguu minne ya stuli ukiipima mmoja mmoja kwa futi, umesoma futi mara nne, umechora mstari mara nne, na umelenga msumeno kwenye mstari mara nne. Kila hatua inaacha kakosa kadogo, na makosa hayo hayaendi upande mmoja. Mguu huu unazidi nusu milimita, ule unapungua nusu, na stuli inacheza sakafuni.

Jigi inakutoa huko. Unapima mara moja, unafunga kizuizi, kisha miguu yote inakatwa kwa kizuizi hicho hicho. Hata kama kipimo chako kilikuwa na kosa la milimita moja, miguu yote itakuwa na kosa lile lile, na stuli itatulia. Kwenye samani, kulingana kwa vipande kuna uzito kuliko namba iliyoandikwa kwenye futi. Jigi ninazozipenda ni zile zinazofanya kulingana huko kuwe rahisi, na zile zinazoweka vidole vyangu mbali na meno ya msumeno.

Kabla ya yote, lijaribu guni lako, lile la kupimia pembe mraba ambalo wengi huliita skwea. Chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, egemeza guni, chora mstari kwa kisu au penseli kali. Ligeuze guni upande wa pili, lisogeze hadi kwenye mstari uleule, uchore tena. Mistari ikilalana, guni ni zima. Ikiachana kama miguu ya bata, mwanya unaouona ni kosa la guni mara mbili. Fanya jaribio hili leo, maana ukijenga jigi juu ya guni lililopinda, kila kitakachotoka kwenye jigi hiyo kitapinda.

Sasa jigi ya kwanza. Mimi ningeanza na kitelezi cha kukatia: ubao unaoteleza juu ya meza ya msumeno ukibeba kipande unachokikata. Chini una reli mbili zinazoingia kwenye mifereji ya meza, juu una fensi mbili, yaani mbao za kuegemezea, moja mbele na moja upande wako. Tumia plaiwudi ya milimita 12 kwa sakafu yake, upana wa milimita 700 au zaidi kidogo kama meza yako inaruhusu. Plaiwudi ni bora kuliko ubao mzima kwa sababu tabaka zake zimepishana, hivyo haivimbi na kusinyaa sana hali ya hewa inapobadilika. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, nayo imenyooka vizuri, lakini haipendi maji, na skrubu ukiipiga ubavuni inapasua.

Reli zichongwe kutoka mbao ngumu. Mifereji ya misumeno mingi ya meza ina upana wa takriban milimita 19, lakini pima wa kwako. Reli inatakiwa iteleze bila kukwama na bila kucheza kushoto na kulia. Iwe na kina pungufu kuliko mfereji, isiguse chini. Kuna njia nzuri ya kuzibandika: weka washa (vibati vya duara vyenye tundu) chache ndani ya mfereji, laza reli juu yake ili zichomoze kidogo juu ya meza, paka gundi, kisha ushushe sakafu ya plaiwudi juu yake na kuikandamiza kwa kitu kizito. Gundi ikikauka, reli zimeshika mahali hasa zinapotakiwa, na hukupima chochote. Futa gundi iliyotoka pembeni kabla haijakauka, la sivyo utabandika kitelezi kwenye meza.

Fensi ya mbele kazi yake ni kuzuia sakafu isiachane itakapokatwa katikati, kwa hiyo si lazima iwe sawasawa na meno ya msumeno. Fensi iliyo upande wako ndiyo inayobeba kazi yote. Ifunge kwa skrubu moja tu kwenye mwisho wake mmoja, iwe kama bawaba, na mwisho wa pili uukamate kwa klampu. Ilinganishe na njia ya msumeno kwa guni lako, kisha usiamini guni.

Nasema usiamini kwa sababu guni la urefu wa milimita 150 halikuonyeshi kosa ambalo kwenye ubao wa milimita 600 litaonekana wazi. Kuna jaribio la mikato mitano ambalo naliona ni miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika useremala. Chukua kipande cha plaiwudi, karibu milimita 400 kwa 400. Kata upande mmoja. Zungusha kipande ili upande uliokatwa sasa hivi uegemee fensi, ukate upande wa pili. Zungusha tena, kata wa tatu, kisha wa nne. Mkato wa tano unaurudia upande wa kwanza, lakini safari hii acha utoke ukanda wa upana wa milimita 20 hivi. Ukanda huo ndio unaotoa jibu. Kila ulipozungusha kipande, kosa la fensi liliongezwa juu ya kosa lililotangulia, hata mwishoni limekusanyika mara nne.

Pima upana wa ukanda kwenye ncha zake mbili kwa kalipa, kile kipimo cha kubana kinachosoma sehemu za milimita. Tuseme ncha moja ni milimita 20.4 na nyingine 19.6. Tofauti ni 0.8. Gawanya kwa 4, unapata 0.2: fensi yako inakosea milimita 0.2 kwa kila milimita 400. Kama toka ile skrubu ya bawaba hadi mwisho wa pili wa fensi ni milimita 600, basi mwisho huo usogezwe milimita 0.3. Kusogeza kiasi kidogo hivyo kwa macho haiwezekani, kwa hiyo funga kijibao kwa klampu nyuma ya fensi kikiigusa, kisha tumia fila geji ya 0.3, kibati chembamba cha unene maalumu, ile ambayo mafundi magari hupimia mwanya wa plagi. Ukihitaji kuirudisha fensi nyuma, iingize geji katikati kabla ya kukifunga kijibao, halafu itoe. Ukihitaji kuileta mbele, iingize baada ya kukifunga. Usijisumbue kukisia ni upande upi. Sogeza, rudia mikato mitano. Tofauti ikiongezeka, ulisogeza kinyume. Mimi naridhika tofauti ya ukanda inapokuwa 0.2 au chini, yaani kosa la milimita 0.05 kwenye ubao wa 400. Hapo napiga skrubu zote na kuiacha fensi moja kwa moja.

Kitelezi kina hatari moja inayosahaulika. Ukisukuma hadi mwisho, msumeno unatokeza nyuma ya fensi, mahali hasa ambapo kidole gumba cha mtu hupenda kukaa. Bandika hapo bonge la mbao, nene kuliko kina cha mkato, lifunike meno yanapotoka. Weka pia kizuizi cha safari, ili kitelezi kisiende mbali zaidi ya inavyohitajika. Kwa kawaida kinga ya juu ya msumeno huondolewa unapotumia kitelezi, kwa hiyo haya mawili hayana hiari.

Sasa miguu yako. Kwenye fensi ya kitelezi funga kizuizi cha urefu: kijibao na klampu, basi. Kona yake ya chini inayogusa mguu ichonge kidogo. Unga wa msumeno hukusanyika hapo, na bila nafasi hiyo mguu wa tatu utasimama juu ya unga na kutoka mfupi. Nilishakata vipande kumi na viwili vya kabati nikishangaa kwa nini vinapungua kimoja baada ya kingine, hadi nilipopuliza kizuizi. Kata kwanza ncha moja ya kila mguu, iwe safi na sawa. Kisha egemeza ncha hiyo kwenye kizuizi na ukate ya pili.

Onyo moja hapa, na tafadhali lishike. Usitumie fensi ya kupasulia ya meza kama kizuizi cha urefu unapokata ubao kwa kuukingama. Kipande kinachokatika kitabanwa kati ya fensi na msumeno, kitapinda, na msumeno utakirusha kuja kwako. Kama huna njia nyingine, funga kijibao kwenye fensi hiyo upande wako, kabla ya msumeno, upimie hapo. Ubao ukifika kwenye meno uwe umeshakiacha.

Na kwa kuwa tumefika kwenye usalama, vijiti vya kusukumia vitengeneze usiku wa leo, hata kabla ya kitelezi. Ninachokipenda hakifanani na fimbo. Ni kipande cha plaiwudi chenye umbo la pasi ya nguo: kina mkono juu, tumbo refu linalolala juu ya ubao na kuukandamiza, na kisigino nyuma kinachousukuma. Fimbo nyembamba inasukuma tu, haikandamizi, na ubao ukitaka kuinuka hauna cha kuuzuia. Tengeneza vitatu au vinne kwa mara moja, maana vitakatwa na msumeno, na ndiyo kazi yake. Kidole kikielekea kukaribia meno chini ya milimita 150, chukua kijiti.

Jigi yangu ya pili kwa mapenzi haina umeme kabisa: ubao wa kurandia vichwa vya mbao. Ni mbao mbili zilizopandana, ya juu nyembamba kuliko ya chini, hivyo ubavuni kuna kingazi. Randa unailaza ubavu kwenye kingazi hicho, kipande chako unakiegemeza kwenye fensi iliyofungwa juu kwa digrii 90, halafu unaisukuma randa. Maranda yanatoka membamba kama karatasi hata kwenye kichwa cha mbao, pale ambapo randa ya kawaida hung'ang'ania. Fensi inashikilia nyuzi za upande wa mwisho zisimeguke. Utaogopa kwamba randa itaula ubao wenyewe. Itaula mara chache za mwanzo, kisha itaacha, kwa sababu kisu cha randa hakifiki hadi ukingoni mwa tumbo lake. Ule ukingo wa chuma usiokata ndio utakaoteleza kwenye ubao. Kichwa kikitoka kimeinama upande wa unene, shida kwa kawaida ni kisu kukaa upande, kwa hiyo kirekebishe kwenye randa. Paka nta ya mshumaa kwenye kingazi, utasikia tofauti mkononi.

Faida ya jigi hii ni kwamba inakuruhusu kuondoa kiasi ambacho hakuna msumeno unaoweza kukiondoa kwa usalama. Droo inakataa kuingia? Pitisha randa mara mbili, jaribu. Ukiongeza fensi ya pili ya digrii 45, unapata fremu ambazo kona zake zinafunga bila mwanya.

Kwa plaiwudi kubwa ambazo msumeno wa meza ndogo hauwezi kuzibeba, tengeneza njia ya msumeno wa duara. Chukua plaiwudi ya milimita 6, pana kiasi, bandika juu yake ukanda ulionyooka wa kuelekeza msumeno. Ukingo wa plaiwudi uliotoka kiwandani unafaa sana kwa ukanda huo. Kisha pitisha msumeno ukiegemea ukanda, ukate ziada yote ya ile plaiwudi ya chini. Tangu hapo, ukingo uliobaki ndio mstari kamili ambapo meno yatapita. Unaulaza juu ya alama zako, upande wa kipande unachokitaka, unafunga klampu, unakata. Hakuna hesabu ya umbali kati ya meno na bati la msumeno. Ninaipenda kwa sababu imepewa kipimo chake na chombo chenyewe. Ukibadilisha msumeno au diski yenye unene tofauti, tengeneza nyingine. Unaweza kufanya vivyo hivyo kwa ruta, ila iandikie ni ya biti ya kipenyo gani, maana kwa biti nyingine itakudanganya.

Kwa kabati zako, jigi ya mashimo ya rafu inatosha kuwa kipande cha mbao ngumu chenye mstari wa matundu ya milimita 5, yaliyoachana milimita 32, vipimo ambavyo viwanda vingi vya kabati hutumia. Andika JUU kwa herufi kubwa kwenye ncha moja. Ukiigeuza kichwa chini upande mmoja wa kabati, rafu zitacheza. Kuzuia drili isitoboe hadi nje, usitegemee tepu kwenye biti, kwa kuwa husogea. Toboa kijiti kwa urefu wake, kivishe kwenye biti kama kanzu, ukiacha nje urefu unaoutaka tu. Kikigusa jigi, umefika.

Kuhusu pembe za kabati kutokaa sawa, shida mara nyingi huingia wakati wa gundi, hata kama mikato ilikuwa mizuri, kwa sababu klampu huvuta. Tengeneza vipande vinne vya plaiwudi vya pembe mraba, kama milimita 150 kila upande, ukivikata kwenye kitelezi ulichokwisha kukijaribu. Vifunge kwa klampu ndani ya kona nne, kabati halitakuwa na pa kwenda. Kona ya kila kipande ikate kidogo ili gundi inayochuruzika isikishike. Kisha pima mishazari miwili ya kabati. Hata hapa sitoi futi: nachukua vijiti viwili vyembamba vilivyochongoka ncha, navishika pamoja viteleze hadi viguse kona hadi kona, naweka alama, halafu navipeleka kwenye mshazari wa pili. Alama zikikutana, pembe ni sawa.

Ndugu wa vijiti hivyo ni fimbo ya vipimo. Kwa kila samani ninayotarajia kuirudia, nachukua ubao mwembamba na kuuchora vipimo vyote kwa ukubwa wake halisi: urefu wa mguu, mahali pa rafu, unene wa droo, bawaba. Upande mmoja wima, upande wa pili upana. Alama zinahamishwa kutoka fimboni kwenda kwenye mbao moja kwa moja. Mteja akirudi baada ya miaka akitaka kabati la pili, unashusha fimbo kutoka ukutani.

Kuna kijigi kidogo ambacho wengi hukipuuza, nacho kinabadilisha karakana nzima: ubao wa kuwekea patasi kabla ya kuinoa. Kama unatumia kile kishikio cha kunolea chenye gurudumu kinachobana patasi ubavuni, pembe ya makali inategemea patasi imetokeza kiasi gani. Kwenye vishikio vingi vya aina hiyo, patasi ikitokeza milimita 30 unapata digrii 30, ikitokeza 40 unapata 25. Kwa kisu cha randa ni 38 na 50. Bandika vijibao kwenye ubao kwa umbali huo, uwe unasukuma patasi hadi iguse. Kila ukirudi kwenye kinoo unakuta pembe ileile, unanoa ncha tu, na kazi inaisha kwa dakika chache. Zana inayonoleka haraka hunolewa mara nyingi.

Nisichokushauri ni jigi moja kubwa inayofanya kila kitu, yenye skrubu za kurekebisha kila upande. Kinachorekebishika kinalegea. Mimi huona bora jigi tano za kipimo kimoja kila moja, zilizotobolewa tundu na kutundikwa, kila moja imeandikwa kwa kalamu: ya kazi gani, msumeno au biti ipi, na tarehe niliyoijaribu mara ya mwisho.

Na zile stuli ulizokwisha kuzitengeneza, usizitupe. Iweke stuli juu ya meza ya msumeno, msumeno ukiwa umeshushwa na umeme umechomolewa, maana hiyo ndiyo sehemu tambarare kuliko zote ulizonazo. Tia vipande vya kadibodi chini ya miguu mifupi hadi kiti kiwe sawa pande zote mbili. Tafuta kijibao chenye unene unaozidi kidogo pengo kubwa kuliko yote, laza penseli juu yake, uzungushe kila mguu penseli ikiwa imelala palepale. Kata kwenye mistari hiyo kwa msumeno wa mkono, laini kwa msasa, na stuli itakaa.